Siku moja maishani mwangu: mtundika picha wa Kampala

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha hapa Kyebando, na kabla sijawasha jiko nimeshaanza kuziwaza picha. Hewa ikijaa unyevu, kanvasi hulegea kwenye mbao zake kama shuka iliyoanikwa vibaya, na leo jioni tunafungua maonyesho. Nakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, namwacha mdogo wangu akiwa amelala, natoka.

Kazi yangu ni kutundika picha katika galari ndogo hapa Kampala. Nilizaliwa Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Mama ni Mhaya wa Bukoba, baba Mganda wa Masaka, na Kiswahili ndiyo lugha waliyokutania, kwa hiyo ndiyo tuliyokulia. Nalisema hili mapema kwa sababu haya ni maonyesho yetu ya kwanza ambayo kila lebo ukutani ina Kiswahili, na maneno hayo niliyaandika mimi.

Saa moja kasorobo. Boda inapita Barabara ya Kira, mbele ya Makumbusho ya Uganda. Makumbusho yenyewe yalianza 1908, na jengo hili lilichorwa na Ernst May, msanifu wa Kijerumani, likafunguliwa 1954. Nikiwa darasa la tano tuliletwa hapa, nikasimama mbele ya ngoma za kale hadi mwalimu akaja kunivuta mkono. Mpaka leo nikipita huwa nageuza shingo.

Saa moja na nusu. Papa amefika kabla yangu. Ndiye fundi wetu wa fremu, mzee kutoka Bukavu, na Kiswahili chake ni cha Kongo hasa. Niliyoyahofia yametokea: picha kubwa ya chumba cha pili imelegea, kona ya chini imefanya mikunjo. Papa anailaza kifudifudi juu ya blanketi safi. Kwenye pembe za mbao za nyuma kuna vijinafasi vya kabari. Anachomeka kipande cha karatasi ngumu kati ya mbao na kitambaa ili nyundo isiguse kanvasi, kisha anazigonga kabari moja moja, kidogo sana, akizunguka pembe zote nne na kurudi alikoanzia. Ukiikaza pembe moja peke yake, mkunjo unahamia upande wa pili. Tunaisimamisha dirishani, mwanga unateleza juu ya rangi bila kujikwaa. “Iko muzuri sasa,” anasema, na kwa Papa hayo ni maneno mengi.

Saa tatu. Kutundika. Wageni wengi hudhani tunakadiria kwa macho. Hapana, ni hesabu. Katikati ya kila picha pakae sentimita 150 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu wa kawaida aliyesimama. Picha ya leo ina kimo cha sentimita 90, nusu yake 45. Waya wa nyuma ukivutwa unakuwa sentimita 8 chini ya ukingo wa juu. Basi 150 jumlisha 45 toa 8, msumari unaingia kwenye 187. Naweka alama ya penseli, Papa anatoboa, tunainua pamoja, naweka pimamaji juu ya fremu na kungoja kitone cha hewa kitulie katikati. Picha kumi na tisa, moja baada ya nyingine. Kuna wenzetu hutundika juu sana, karibu na dari, picha ikamtazama mgeni kwa dharau. Hilo silikubali. Mtu aliyepanda taksi mbili kuja kuona picha hastahili kuumwa shingo.

Saa tano na nusu. Taa. Picha za rangi za mafuta zinavumilia luksi 200 hivi, luksi ni kipimo cha mwanga, lakini karatasi, rangi za maji na lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, hatuzidishi 50, maana mwanga unazila polepole na haurudishi. Chumba cha lubugo kwa hiyo kina kiza kidogo, na mimi nakipenda hivyo hivyo.

Saa saba. Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nimekula nimesimama.

Saa nane. Lebo. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Katika maonyesho yaliyopita alikuja mama mmoja wa Busia, muuza samaki, aliyekimbilia ndani kujikinga mvua. Alisimama mbele ya picha ya ziwa kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote wa siku ile. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, hapa pameandikwa nini?” Pameandikwa Kiingereza tu. Nilimsomea, lakini nilijisikia vibaya hadi usiku. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwenye katiba tangu marekebisho ya 2005, ila kwenye kuta za picha bado kinabisha hodi. Nikamwomba msimamizi wa maonyesho aniruhusu kuandika. Alikubali, kwa sharti moja: kisiwe Kiswahili cha kutafsiri.

Sharti lile lilinifundisha mengi. Kuna msemo wa Kiingereza unaoandikwa kwenye lebo msanii akichanganya vitu vingi. Nilitafuta neno lake siku mbili, mwisho nikaacha kutafuta na kuandika vitu vyenyewe: “magome ya mutuba, uzi, shanga za karatasi, rangi.” Ikawa bora. Msomaji anaijua mutuba, anajua gome lake la ndani ndilo linalogongwa kwa nyundo za mbao hadi likawa nguo, ufundi wa Buganda ambao UNESCO iliutambua 2005. Shanga za karatasi anazijua pia, na huenda amemsikia Sanaa Gateja, msanii wa Uganda anayezitumia. Akishajua vitu, anaanza kuuliza swali lenye maana: kwa nini vimekutana hapa? Na yule anayeuliza kama mkeka unaweza kuwa sanaa, namwambia kuwa Uganda ilipopeleka banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, lilikuwa na kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, nyuzi za kufuma na lubugo zikiwemo, na likarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima.

Kwa picha isiyo na umbo la mtu wala kitu niliandika: “Usitafute mti wala uso. Anza na rangi ya bluu, ufuate inakokwenda.” Msimamizi aliisoma mara tatu, akaiacha.

Ukuta wa historia ndio ulionitoa jasho. Shule ya sanaa ya Makerere ilianza 1937 barazani kwa Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza, na neno baraza lilijileta lenyewe, maana barazani ndipo watu wetu hukaa na kusimuliana, na Trowell aliwasimulia wanafunzi jambo kisha wao wakachora walichokiona kichwani. Halafu tazama waliopita pale. Gregory Maloba, Mkenya, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru hapa Kampala, 1962, mama aliyefungwa nguo mwilini akimwinua mtoto juu. Elimo Njau wa Marangu alichora kuta za kanisa la Murang’a, kisha 1965 akaanzisha Paa ya Paa Nairobi, jina ambalo Mswahili akilisikia tu anamwona paa akipaa. Na Sam Ntiro wa Machame, ambaye picha yake imo New York, katika jumba la sanaa la MoMA, tangu 1960. Watu watatu walioizunguka Afrika Mashariki na Kiswahili kinywani, na sisi tulikuwa tunawatambulisha kwa Kiingereza peke yake.

Jina la picha ile ya Ntiro kwa Kiingereza linasema wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Pombe ya ndizi! Machame hiyo ni mbege. Nikaandika: “Wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege usiku.” Nilipolibandika neno hilo ukutani saa tisa na robo, nilihisi nimemrudisha mtu nyumbani kwake.

Saa kumi na mbili jioni. Milango wazi. Wanafunzi, wasanii, majirani, watoto wawili wanaohesabu ng’ombe kwenye picha moja na kubishana. Mama wa Busia nilimpelekea ujumbe, lakini leo ni siku ya soko. Atakuja Jumapili.

Saa mbili kasorobo. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu amesimama kwenye ukuta wa historia, mjukuu mkononi, anamsomea kwa sauti. Akifika kwenye mbege anacheka, anairudia. Nasogea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Hii umeandika wewe?”

“Ndiyo, mzee.”

“Umeandika vizuri. Lakini mbege hapelekewi bibi harusi mwenyewe. Yeye ataifanyia nini? Inapelekwa kwao, wazazi na wajomba wainywe. Andika kwa kina bibi harusi.”

Namwuliza kama ni mtu wa Moshi. Ni wa Kibosho, alikuja Jinja kijana, hakurudi. Nachukua penseli mfukoni na kuandika pembeni ya lebo, taratibu ili nisiikwaruze: *wakipeleka mbege kwa kina bibi harusi*. Anasoma tena, anatikisa kichwa kukubali, anamwinua mjukuu aone maandishi yangu ya penseli.

Saa tatu na nusu usiku. Papa amezima taa za lubugo, nimefunga. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua, nachapa lebo ile upya.