Jinsi tulivyokwenda Lord Howe na watoto wasioachana na simu

Ukitaka kwenda Lord Howe na familia, tafuta chumba kwanza, tiketi baadaye. Kisiwa hiki cha Australia, mashariki mwa pwani ya New South Wales, kinapokea wageni 400 tu kwa wakati mmoja, na msimu wa likizo za shule nafasi huwahiwa mapema. Nilipiga simu nyumba za wageni moja baada ya nyingine mpaka tukapata pa kulala wanne, ndipo nikakata tiketi za ndege kutoka Sydney.

Kilichotutoa jasho ni mizigo. Ndege ni ndogo, na kila mmoja wetu aliruhusiwa begi la kilo 14. Mke wangu alimwaga kila kitu kitandani, mizani pembeni. Jinzi ndizo zilizotolewa kwanza. Miwani na mapezi ya kuogelea hatukubeba, kwa kuwa ufukweni Ned's Beach vipo vya kukodi: unachagua kinachokutosha, unatumbukiza hela kwenye sanduku, basi. Hakuna msimamizi. "Baba, na mtu akiondoka navyo?" mwanangu aliuliza. Kisiwa chenyewe urefu wake ni kilomita 11 hivi. Aende navyo wapi?

Mtandao wa simu haukuwepo. Hilo niliwaeleza watoto wiki kadhaa kabla, maana kumwambia kijana habari hiyo mkiwa tayari uwanja wa ndege ni kutafuta ugomvi. Walinuna siku ya kwanza. Kisha tukakodi baiskeli, na kwa kuwa magari hayaruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa, hata yule mdogo nilimwacha atangulie mbele.

Aliyewateka kabisa ni ndege mmoja wa kahawia asiyeweza kuruka, anaitwa woodhen. Alitujia njiani bila woga, akaanza kudonoa kamba za kiatu cha binti yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamebaki wasiofika 40, wakaokolewa kwa kuzalishwa kizimbani na kurudishwa msituni. Panya walioingia mwaka 1918 meli Makambo ilipokwama hapo nao walipigwa vita kisiwa kizima mwaka 2019. Watoto walizipenda habari za panya kuliko za ndege, sijui kwa nini.

Mlima Gower, mita 875, tuliuacha. Kupanda na kushuka ni kazi ya kutwa nzima, tena kuna sehemu za kushikilia kamba, na lazima uwe na kiongozi mwenye leseni. Kwa watoto wadogo, mimi nasema hapana.

Gharama ni kubwa, sitaficha. Bidhaa nyingi za dukani huletwa kwa meli, na bei inaonyesha hivyo. Sisi tulipika wenyewe karibu kila jioni, mkahawani tukaenda siku ya mwisho tu.