Historia ya Marekani kwa anayejiandaa na mtihani wa uraia

Kwa aliyewasilisha N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, mtihani wa uraia umebadilika. Maswali ya kujisomea sasa ni 128 badala ya 100. Afisa anauliza hadi 20 na kupita ni 12. Ukifikisha 12 anaishia hapo, na ukikosa 9 pia anaishia hapo. Aliyewasilisha kabla ya siku hiyo anaendelea na utaratibu wa zamani: maswali 10, kupita ni 6. Hakuna karatasi ya kuchagua jibu kwa herufi. Unaulizwa kwa mdomo na unajibu kwa mdomo, kwa Kiingereza.

Kukariri tu hakutoshi, kwa sababu majibu mengi ya historia yanafanana, na chini ya wasiwasi yanachanganyika kichwani. Anayejua jambo gani lilizaa lipi hababaishwi hata swali likija kwa maneno mengine.

Makosa mengi huanzia Philadelphia. Mwaka 1776 makoloni 13 yalipitisha pale Azimio la Uhuru, tarehe 4 Julai, kujitoa kwa Mwingereza. Miaka 11 baadaye, 1787, katika jengo lile lile, ikaandikwa Katiba, kwa sababu mkataba wa awali uliounganisha majimbo ulikuwa dhaifu: serikali kuu haikuweza hata kutoza kodi. Kwa hiyo ukisikia uhuru, jibu ni 1776. Ukisikia mfumo wa serikali, ni 1787. Marekebisho 10 ya kwanza ya Katiba, yanayolinda haki za mtu kama kusema, kuabudu na kukusanyika, yaliidhinishwa 1791.

Sasa wapange watu wao. Thomas Jefferson ndiye mwandishi mkuu wa Azimio. Katiba ilipoandikwa hakuwepo kabisa, alikuwa Paris akiwakilisha nchi yake, kwa hiyo usimtaje kwenye swali la Katiba. Hapo mtu wako ni James Madison. Yeye, Alexander Hamilton na John Jay ndio walioandika makala za kuwashawishi watu waikubali Katiba, na Hamilton akawa waziri wa kwanza wa fedha. George Washington yuko pande zote mbili: jemadari wa vita vya uhuru, mwenyekiti wa mkutano wa Katiba, kisha rais wa kwanza. Swali huja hivi: mtu huyu ni mashuhuri kwa mambo mengi, taja moja. Taja moja, unyamaze. Ukiambiwa mawili, taja mawili. Anayeongeza la tatu kwa kujionyesha anajitafutia nafasi ya kukosea.

Kuna swali pia la eneo lililonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803, nalo ni Louisiana. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliliuza kwa dola milioni 15 baada ya Weusi wa Haiti, koloni lake, kuyapiga majeshi yake. Bila kisiwa kile, Louisiana haikuwa na faida kubwa kwake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Chanzo chake kikuu ni utumwa. Abraham Lincoln alichaguliwa Novemba 1860, na kabla hajaapishwa majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga, South Carolina likiwa la kwanza. Risasi za kwanza zilipigwa Fort Sumter, ngome ya South Carolina, Aprili 1861. Moshi wake ulifika hadi Unguja: shuka za merikani zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem ziliadimika, kwa kuwa viwanda vya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, vilikosa pamba ya Kusini, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tangazo la Ukombozi la Lincoln, tarehe 1 Januari 1863, halikumaliza utumwa nchi nzima. Lilikuwa amri ya kivita, na liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi tu. Kentucky na Delaware, ambayo hayakuasi, yaliendelea kuwa na watumwa hadi Desemba 1865, Marekebisho ya 13 yalipoidhinishwa. Lincoln hakuiona siku hiyo, alishauawa Aprili.

Marekebisho ya 13, 14 na 15 yashike kwa maneno matatu kwa mpangilio huu: uhuru, uraia, kura. La 13 lilifuta utumwa. La 14, mwaka 1868, liliwafanya raia wote waliozaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake, na lilihitajika kwa sababu mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia, awe mtumwa au huru. La 15, mwaka 1870, lilikataza kumnyima mwanamume kura kwa sababu ya rangi.

Mwaka huo huo wa 1870 kuna jambo ambalo halimo kwenye maswali, ila linatugusa kuliko yote. Sheria ya 1790 iliruhusu uraia wa kuomba kwa wazungu huru peke yao. Julai 1870 Bunge liliufungua kwa wazaliwa wa Afrika na wenye asili ya Afrika. Waasia waliendelea kuzuiwa, na vizuizi vya rangi viliondolewa kabisa mwaka 1952.

Karne ya 20 ni nyepesi. Susan B. Anthony alipigania kura ya wanawake; alikamatwa kwa kupiga kura mwaka 1872, akafa 1906, na Marekebisho ya 19 yakaja 1920. Woodrow Wilson ni rais wa vita vya kwanza vya dunia. Franklin Roosevelt ni mdororo mkuu wa uchumi na vita vya pili. Eisenhower alikuwa jenerali katika vita hivyo kabla hajawa rais.

Rudi kwenye uzito ukifika 1955. Rosa Parks anakamatwa Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Weusi wanagomea mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima, na mchungaji kijana Martin Luther King anajulikana. Hiyo ndiyo njia iliyofika kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Kura ya 1965. Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, Rais Johnson akatia saini sheria nyingine iliyofuta mgao wa viza kwa nchi ya asili, mgao wa tangu 1924 ulioipendelea Ulaya ya Kaskazini na Magharibi. Sheria ya wakimbizi ya 1980, iliyowaleta Wakongo wengi, na ile ya 1990 iliyoanzisha bahati nasibu ya grini kadi zote zimekuja nyuma yake.

Majina ya viongozi walioko madarakani, yaani rais, spika, gavana na maseneta wa jimbo lako, yahakiki wiki ile ile ya usaili, maana kijitabu ulichochapisha mwaka jana huenda kimepitwa. Swali likiwa na majibu mengi, chagua lenye jina unaloweza kulitamka. Tukio la vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa mfano, linaweza kuwa Appomattox, jeshi kuu la Kusini liliposalimu amri, au Gettysburg, penye mapigano makubwa. Ulimi wako ndio uamue.

Wazee wana nafuu. Mwenye miaka 50 na amekuwa mkazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye 55 kwa miaka 15, hafanyi sehemu ya Kiingereza. Anajibu kwa Kiswahili na anakuja na mkalimani wake. Mwenye 65 kwa miaka 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, anapita kwa 6. Umri na miaka hiyo huhesabiwa siku ya kuwasilisha fomu, si siku ya usaili. Na aliyeshindwa hupangiwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu ile tu aliyoshindwa.