Mizinga Ilitoswa Baharini

Jana mwanangu amerudi kutoka ufukweni nguo zikinuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo. Chombo cha jirani kinapakwa. Harufu ile ikanirudisha Sydney, mchana mmoja, ndani ya nakala ya Endeavour, meli ya nahodha James Cook, iliyoundwa Fremantle, Australia. Kule ilikuwa lami na katani, lakini pua yangu haikuona tofauti.

Wageni wengine walibaki juu wakipiga picha na mizinga. Mimi niliteremka, nikachutama kwa ufupi wa dari, nikaweka kiganja ubavuni.

Chombo cha asili kilizaliwa Whitby, Uingereza, mwaka 1764 kwa jina Earl of Pembroke, kubeba makaa ya mawe. Kitako bapa, mbele butu: maji yakipwa, kinakaa wima mchangani bila magogo ya kukiegemeza. Mwaka 1768 Jeshi la Wanamaji la Uingereza likakinunua. Kule Deptford, kwenye karakana ya jeshi hilo, kikavikwa chini tabaka la pili la mbao lililojaa misumari ya vichwa vipana, wadudu watoboao wasifikie mwili. Kikawekewa mizinga 10.

Nikiwa nimechutama pale niliuwaza usiku wa tarehe 11 Juni 1770, kilipopanda mwamba mashariki mwa Australia. Kilipanda maji yakiwa yamejaa, na hapo ndipo penye hatari: maji ya mchana uliofuata hayakufika kimo kile. Ili kukipunguzia uzito, mabaharia wakatosa mizinga sita, farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya chuma na mawe, mapipa, jumla tani 40 hadi 50. Pampu tatu zilifanya kazi ya kutoa maji yaliyovujia ndani. Ya nne ilikataa. Kilipoelea, baada ya saa kama 23, Jonathan Monkhouse, mmoja wa wanamaji wake, akasimamia dawa aliyoiona zamani kwenye meli ya biashara iliyovuja ikitoka Virginia. Unakatakata nyuzi za kalafati, zile za kuzibia mianya ya mbao, na sufu ya kondoo, unazibandika kwa matonge juu ya tanga, unapaka samadi, kisha unalivuta tanga kwa kamba chini ya chombo. Maji yanayokimbilia tunduni yanazifyonza nyuzi, tundu linazibika. Pampu moja ikatosha. Walipokilaza ukingoni mwa mto kukitengeneza, wakakuta kipande cha tumbawe kimekwama ndani ya tundu.

Kilichokiokoa: kitako cha chombo cha makaa, ujuzi wa meli ya biashara. Mizinga mingi ilikuwa chini ya bahari.

Mwaka 1778, kikiitwa Lord Sandwich, Waingereza wenyewe walikizamisha Newport, Marekani, kufunga njia ya bandari.

Mwanangu aliniuliza kama ilikuwa manowari kweli. Nilimjibu ndiyo, na tangu jana jibu hilo halijanitulia. Siku ile Sydney nilipanda juu jua likizama, nikaipita mizinga bila kuigusa.