Siku yangu moja kwenye boti za Zanzibar

Saa 10 na nusu alfajiri simu inalia, na mke wangu ananipiga kiwiko kabla sijaizima. Chai ya rangi, kiporo cha wali, natoka. Pantoni za mapema hazina foleni: mia mbili, nimevuka kutoka Kigamboni. Kutoka pale hadi kwenye boti natembea kwa miguu, napita Feri samaki wakishushwa, na nikifika kanisa la Azania Front mwili umeshapata joto.

Kazi yangu ni kubeba mizigo ya abiria wa boti zinazotoka Dar kwenda Zanzibar. Nina kizibao chenye namba mgongoni na kitambulisho shingoni, huu mwaka wa kumi na nne. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakituona pale nje wanatutia kapu moja na wapiga debe, vishoka na vibaka. Wazungu ndiyo usiseme. Mtu akishuka tu kwenye teksi anakumbatia begi kama mtoto mwenye homa.

Saa 1 asubuhi boti ya kwanza inaondoka. Ya saa 3 na nusu nayo inaondoka. Wanafunzi, wafanyabiashara wa Kariakoo, bibi mmoja na jokofu alilolifunga kwa kanga mbili. Hapo hakuna cha kusimulia ila mgongo.

Saa 5 na dakika 40 teksi ikasimama, wakashuka mama wa makamo na binti yake wa kama miaka kumi na saba, Wajerumani. Mabegi mawili ya matairi, moja tairi lake limeng'oka. Nikasogea, nikaonyesha kitambulisho, nikataja bei: elfu mbili kila begi. Mama akainua kiganja kama trafiki. Baadaye aliniambia kuwa kitabu chake cha safari kimeandika usimpe begi mtu yeyote bandarini. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Ila hakikuandika lolote kuhusu mtu asiyetaka begi.

Huyo alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Shati jeupe limepigwa pasi, kamba ya kitambulisho shingoni, lakini mwisho wa kamba umezama kwenye mfuko wa shati, kwa hiyo huwezi kujua imeshika nini. Hakugusa mzigo. Alisema tu kwamba dirishani foleni ni ndefu, boti ya saa 6 na nusu inajaa, nipeni pasipoti na hela niwakatie. Mama akafungua mkoba uleule alioukumbatia aliponiona mimi, akampa.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Kijana yule namjua. Tunakula kwa mama ntilie mmoja, na alipofiwa na baba yake nilichanga. Wewe mpita njia unaweza kumchongea kishoka ukaenda zako Nungwi kula bata. Mimi kesho nimo humuhumu, naye yumo, na wenzake wamo. Nikageuza uso. Sijivunii.

Akarudi na tiketi mbili, bila pasipoti. Eti zinaandikishwa, watapewa ndani. Kufika mlangoni mkaguzi akaitazama tiketi, akamtazama mama, akaitazama tena tiketi. Ni za nauli ya wananchi, na moja ina jina la mwanamume. Mgeni nauli yake ni kubwa zaidi, na jina lazima lifanane na pasipoti. Haya, pasipoti ziko wapi? Binti akakaa juu ya begi bovu akaanza kulia, bila sauti, huku akiung'ata mkufu wake.

Hapo uso wa kugeuza sikuwa nao tena.

Nikavuka barabara. Nikamkuta kivulini upande wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu anakunywa kahawa, vitabu viwili vyekundu vimechomoza mfuko wa nyuma wa suruali, kimoja kimeshakunjika pembe.

"Kaka, niache, niko kazini."

"Lete, mdogo wangu."

"Nilikuwa nazirudisha."

"Lete."

Akanipa. Hela akasema imeshaliwa na dirisha. Nikamwambia afande yuko getini ananisubiri mimi, na ulikuwa uongo mtupu, sikuwa nimemwambia mtu. Akatoa nusu, akanihesabia polepole kama ananikopesha, halafu akaniambia: "Umeamua kula na Wazungu, sawa." Niliporudi boti imeshageuza pua.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia vizuri. Niliwapeleka dirishani, wakakata tiketi halali za saa 10, nikawatafutia benchi. Mama alikuwa na bima yake ya Zanzibar, ile ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar ambayo wageni wanadaiwa tangu Oktoba 2024. Ameichapisha na kuitia kwenye mfuko wa plastiki, na nakala mbili. Mama mwangalifu namna ile! Ndiyo maana iliniuma.

Nilitakiwa kurudi kutafuta wateja. Miguu ilikataa. Nikakaa chini karibu na mabegi, na yeye akaanza kuuliza kama mtu aliyeshtuka kwamba ninaongea. Kwanza, boti ni salama? Sikumdanganya. Nilimwambia kuhusu MV Skagit, iliyotoka hapahapa Dar ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na mimi nikiwa mgeni kazini. Nikamwambia pia kwamba leo kusi linavuma, boti itacheza ikishatoka nje ya mlango wa bandari, kwa hiyo wakae chini, nyuma, katikati, na kabla ya yote waulize maboya ya kuvaa yako wapi.

Mengine nilimpa kwa Kiingereza changu cha bandarini. Mkishuka Malindi, bandarini Unguja, mtavamiwa na papasi, wale vijana wanaowaganda wageni. Ni jina la mdudu wa familia ya kupe, na wameitwa hivyo kwa sababu hawabanduki. Msigombane nao, semeni asante mkiwa mnatembea. Hoteli iwatumie gari, dereva aje na jina lenu. Pasipoti zifungiwe hotelini, mtembee na nakala. Mji Mkongwe funikeni mabega na magoti. Usiku msikatize ufukweni gizani, hata kama hoteli ya pili mnaiona taa. Na Paje au Jambiani bahari ikipwa mtatamani kuifuata mpaka kwenye mwamba: vaeni viatu, kuna wadudu wenye miiba myeusi, na maji yakianza kujaa geukeni, msingoje yafike magotini. Binti aliandika yote kwenye simu. Aliuliza "kusi" inaandikwaje.

Wakapanda. Begi bovu nililiweka begani. Mama shilingi zilikuwa zimemwishia kwenye tiketi za pili, akanishindilia mkononi sarafu nne za yuro mbili mbili, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikashukuru. Ningemwambiaje kwamba duka la kubadilishia fedha halichukui sarafu?

Nilipopita kijiweni, benchi lilikuwa na nafasi lakini hakuna aliyesogea. Mzee wa kahawa, shikamoo yangu akaiitikia, akanimiminia kikombe bila kuniuliza na hakunidai.

Pantoni ya jioni tulibanana mpaka ukikohoa anatikisika wa nne. Leo nimepata elfu kumi na nne, boti nzima ya mchana imenipita. Sarafu nne nimezitia kwenye kopo la Blue Band lililo juu ya kabati, zimekuta wenzao kumi na moja. Ukiwa na ndugu anakwenda Ulaya hivi karibuni, nishtue.