Nilivyowapigia wazee disko la machipuko mpaka chai ikapoa

Mama alinipigia juzi akauliza, mwanangu, siku hizi unafanya nini huko, nikamwambia Jumapili nilikuwa DJ. Kimya. Halafu akasema, "Si uliniambia unaogesha wazee?" Nikamwambia mama vyote viwili, asubuhi naogesha, jioni napiga disko. Akacheka mpaka simu ikakata.

Sasa ngoja nieleze ilivyokuwa, maana kazini kwetu kuna watu watatu wanatamba kwamba ile shughuli ilikuwa wazo lao, na hao hao watatu ndio walionipa ushauri wa hovyo kuliko wote.

Nipo Sheffield, kaskazini ya Uingereza, mji wa vilima kama unapanda Lushoto, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia watu, kwenye nyumba moja ya wazee. Mwisho wa Machi hapa saa zinasogezwa mbele, basi ghafla unashangaa saa moja na nusu jioni bado kweupe, na kando ya barabara yametoka maua ya njano ambayo hakuna aliyeyapanda mwaka huo. Kwetu Tanga wakati huo unasubiri masika, unatafuta ndoo za kukinga paa linalovuja. Huku watu wanavua makoti na kuanza kusalimiana. Meneja akasema tuwafanyie wazee kitu cha machipuko, keki na muziki, na kwa kuwa mi ndo naimba imba nikitandika vitanda, muziki nikabebeshwa mimi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Kaka mmoja Mkenya tunayepiga naye shifti akaniambia, "Bro, weka gospel, hao watulie walale mapema." Mwingine akasema tafuta nyimbo zenye neno maua au jua au machipuko kwenye jina. Nikatafuta. Nusu ni vinanda vya kukulaza, nusu ni za watoto wa chekechea. Meneja ndo akaja na lake, akasema wazee wanapenda nyimbo za wakati wa vita, weka Vera Lynn, yule mwimbaji wa enzi hizo, huwezi kukosea. Mimi mtoto wa Tanga najua nini kuhusu wazee wa Kizungu, nikakubali.

Jumapili ya kwanza nikaunga simu kwenye spika, programu ya muziki ile ya bure, nikaanza na We'll Meet Again ya 1939. Ukumbi mzima ukawa kama msibani. Kuna bibi mmoja hukaa dirishani siku zote, kucha zake lazima zipakwe rangi kila Ijumaa usipopaka hakusemeshi, akanigeukia akaniuliza, "Kijana, unadhani nina miaka mingapi?" Hilo swali usilijibu popote duniani. Akaendelea mwenyewe, "Vita iliisha 1945. Mimi nimezaliwa 1951. Hii alikuwa anasikiliza mama yangu akipiga pasi."

Kabla sijajitetea, nyimbo ikaisha na likaingia tangazo. Sauti ya mwanamke, ya upole sana, ikauliza kama umeshajipanga na gharama za mazishi yako. Yaani kwenye nyumba ya wazee! Nikakimbilia simu, nikajikwaa kwenye fremu ya kutembelea ya mtu, nafika simu imejifunga, naweka kidole haifunguki, naweka tena haifunguki, kumbe nimevaa glavu, nazivua zimeganda kwa jasho. Tangazo likasema lote mpaka mwisho, na namba ya simu likaitaja mara mbili. Mzee mmoja akaomba kalamu.

Usiku ule sikulala. Nikawa nawaza baba yangu, kanda zake za Boney M na ABBA ndani ya kile kiredio kilichokuwa lazima ubane mfuniko kwa njiti ya kiberiti. Baba angekuwa hai leo angekuwa rika la huyu bibi wa dirishani. Je, baba ungempigia nyimbo za vita? Si angekupiga na kandambili. Hapo ndo nikapata hesabu yangu ambayo sasa kila mtu kazini anaitumia kama vile alizaliwa nayo: chukua mwaka aliozaliwa mtu, jumlisha ishirini na kitu, piga muziki wa hapo. Mtu muziki wake ni ule uliomkuta na miguu mizima na mshahara wa kwanza. Bibi wa dirishani, 1951, anaangukia katikati ya disko kabisa. Kuna mzee wa 1956, mstaafu wa kiwanda cha chuma, huyo anaangukia new wave, ile ya vinanda vya umeme. Kuna mama wa 1961, ni mdogo ila maradhi yamemuwahi, huyo 1981 ana miaka ishirini. Na hata ajuza wa miaka themanini na nane ambaye hesabu ilimkataa, kumbe miaka ile alikuwa na mabinti watatu wanaoipiga disko chumba cha juu, yeye anagonga dari kwa fagio. Maneno yote anayajua. Ameyajua kwa hasira.

Matangazo nikayakomesha kwa kununua CD kwenye maduka ya mitumba ya hisani, nyingine peni hamsini, nyingine pauni, jumla sijui pauni kumi na kitu, labda kumi na tano ukihesabu na chipsi nilizokula njiani. Nikahamishia kwenye simu, mchezo ukaisha. Na spika usiibandike ukutani jamani. Besi inavuma, na wenye mashine za masikioni inawakera wanazivua, sasa unampigia nani? Iweke katikati ya ukumbi, punguza besi. Hili hakunifundisha mtu, nimejifunza kwa kufokewa.

Jumapili ya pili nikafungua na Dancing Queen ya 1976, kwa sababu mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa maringo, mguu unaouma unaweza kuufuata. Nikaona vidole vya miguu kwenye ndara vinaanza. Ikafuata Stayin' Alive ya Bee Gees, 1977, hapo kituko kikatoka upande wa wafanyakazi, maana sisi wote kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza tulifundishwa kukandamiza kifua cha mtu moyo ukisimama kwa mwendo wa hiyo nyimbo, inapiga kama mara mia na tatu kwa dakika. Nesi wetu mikono ikaanza kukandamiza hewa bila yeye kujua, amesimama pale na trei ya dawa. Tangu siku hiyo nikimuona naivuta ile sauti nyembamba, ananikimbiza.

Kisha Good Times ya Chic, 1979. Hii kwangu mimi ndo machipuko yenyewe, wala haina ua hata moja ndani yake. Sikiliza gitaa la Nile Rodgers, ni mtu anapepeta mchele kwenye ungo, chekeche chekeche, na chini yake besi ya Bernard Edwards inatembea na mikono mfukoni. Nyimbo ya machipuko ni ile ukiisikia unataka kufungua dirisha, ndo maana ile habari ya kutafuta neno maua ilikuwa upuuzi. Ushahidi ni September ya Earth, Wind & Fire, jina lake ni la mwezi mwingine kabisa ila mdundo wa jua tupu. Hii nayo nikaiweka, ajuza wa fagio akanikatalia, "Hii ni ya Septemba, iondoe." Nikaiondoa. Nani anabishana na miaka themanini na nane.

Bibi wa dirishani yeye alikuwa ananisubiri kwa I Feel Love ya Donna Summer. Ilitengenezwa Munich na Giorgio Moroder na mwenzake Pete Bellotte, ikatoka 1977, karibu kila kitu ndani ni mashine isipokuwa sauti ya yule mama. Ilipoanza bibi hakucheza, alifumba macho tu, mikono juu ya mapaja, kucha nyekundu zikawa zinagonga moja moja kwa kufuata ile besi isiyochoka, dakika zote, bila kukosea hata pigo. Ilipokwisha akafungua macho akaniambia, "Nilikuwa na viatu vya rangi ya fedha." Basi. Hakuongeza.

Na mzee wa chuma ndo akazinduka hapo. Huyu bwana alikuwa hataki gitaa, hataki ABBA, anakaa kona ya nyuma amenuna. Aliposikia zile mashine akasogeza kiti chake cha magurudumu mwenyewe. Anasema zamani Sheffield usiku ulikuwa unalala na kuamka na nyundo za viwandani, dum, dum, dum, kwa hiyo vijana wa hapa walipopata vinanda vya umeme hawakuwa na haja ya kufundishwa.

Nikaona sasa nimeshika moto, nikamwekea Enola Gay ya OMD, ya 1980. Jamani mnaijua hiyo nyimbo, kinanda chake kinachekelea kama watoto wanaotoka shule, nikaipenda tangu dukani, kwangu hiyo ndo ilikuwa kilele cha machipuko. Watu wanapiga makofi, keki inakatwa, mimi nazungusha kiuno katikati. Mzee wa chuma akanivuta apron. "Unajua unapiga nini?" Sijui. "Hiyo ndege ndo iliyodondosha bomu Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945. Rubani aliipa jina la mama yake." Nikahisi keki inarudi juu. Na meneja ndo kwanza anakuja anachezesha mabega, ananiuliza kaka hii nyimbo nzuri inahusu nini? Nikamwambia inahusu mama wa mtu. Akafurahi. Ukifikiria vizuri alipata nyimbo yake ya vita aliyoitaka. Kwa hiyo nawaambia, hizi za new wave soma maneno kwanza, wale vijana walikuwa wanaficha misiba ndani ya vinanda vya harusi.

Heart of Glass ya Blondie ilipita salama. Blue Monday ya New Order ilizomewa, si kwa ubaya wake, ila wale ni watu wa Manchester, upande wa pili wa milima, na hapa hilo ni kosa la jinai.

Halafu nikaweka ya wenyeji, Don't You Want Me ya The Human League, iliyokuwa namba moja Uingereza Krismasi ya 1981. Hadithi yake kila mtu hapa anakusimulia: bendi ilivunjika 1980, wawili wakaondoka kwenda kuanzisha Heaven 17, Phil Oakey akabaki anahangaika, akaingia klabu moja inaitwa Crazy Daisy akawaona wasichana wawili wa shule wanacheza, Susan na Joanne, akawachukua, na mpaka leo wapo. Nimekaa Sheffield miaka sita sijakutana na mwanamke wa rika lile ambaye hakuwepo Crazy Daisy usiku ule. Ile klabu ingekuwa kubwa kama uwanja wa Mkwakwani wa kwetu Tanga.

Yule mama wa 1961 naye anasema alikuwepo. Mkono wake wa kulia unatetemeka, kikombe anashikiwa. Nyimbo ni ya kujibizana, mwanamume anadai yeye ndo aliyemtoa mwanamke kwenye kuuza baa, mwanamke anamjibu. Sehemu ya mwanamume mzee wa chuma akaiimba kwa sauti kama lori linapanda kilima. Ikafika zamu ya mwanamke, huyu mama akachukua kijiko cha keki kwa mkono ule ule unaotetemeka, akakileta mdomoni na kumjibu beti zima, anamwangalia usoni, na krimu inamdondokea kwenye blauzi, hajali. Nesi akasahau dawa za saa kumi. Tulisemwa baadaye, ila tulisemwa kidogo.

Ya kuwashusha nikaweka yangu mwenyewe. Wengi hamjui kwamba Boney M, hawa hawa wa Rivers of Babylon, 1981 waliimba Malaika. Kwa Kiswahili kabisa, na mdundo wao ule. Matamshi ni ya mtu anayesoma bango akiwa ndani ya basi, mtu aliyekua na ya Fadhili William anaweza kulia, ila mimi nilicheka na kulia pamoja. Bibi wa dirishani akauliza inasema nini. Nikamwambia jamaa anampenda msichana, angemwoa, ila hana hela. Akasema, "Wote husema hivyo."

Chai ilikuwa imepoa kwenye mabirika, hakuna aliyegusa. Yule Mkenya akaja kunisaidia kukusanya vikombe, anaimba Dancing Queen. Nikamuuliza gospel yako iko wapi, akajifanya hajanisikia.

Sasa nimepangiwa kila mwisho wa mwezi, malipo yake ni kipande cha keki. Mzee wa chuma tayari ameleta sharti: nisipoweka Autobahn ya Kraftwerk, wale Wajerumani wa vinanda vya umeme, hanywi dawa. Si ile iliyokatwa ya redioni, anataka nzima, ya 1974. Ina dakika ishirini na mbili na ushee. Natafuta pa kuichomeka ajuza wa fagio akiwa amesinzia.