Usiku wa Chupa ya Ghalani

Jana usiku niliifungua ile chupa ya bia.

Wageni wa mwisho waliondoka asubuhi na boti ya Dar, hoteli tumeifunga mpaka masika yapite, na baada ya Isha mvua ikatulia kidogo. Nikashuka ghalani na tochi. Ghala letu liko chini kabisa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene za kale, na hata kaskazi ikiwa imepamba moto, ukiweka kiganja ukutani unakuta ubaridi. Kwa miaka mitatu chupa ililala kwenye kona hiyo, nyuma ya makreti ya soda, kwa ruhusa ya bosi. Nilikopanga nisingethubutu kuiweka. Mwenye nyumba wangu ni mtu wa swala tano na ananiita mwanangu. Heshima hiyo siwezi kuichezea.

Aliyenipa ni mzee mmoja wa Ubelgiji, mwalimu mstaafu, aliyekaa kwetu siku tisa. Kila jioni nilipokuwa zamu alikuja kuketi baa, na siku ya pili nikamgusia kwamba nimekulia Pangani, na kwamba mjomba wangu alikuwa mgema. Mzee akaweka glasi chini. Akataka kujua yote: mjomba alipanda mara ngapi kwa siku, kotama ilikuwa na umbo gani, tembo lilikaa saa ngapi kabla ya kuwa kali. Nikamweleza jinsi mjomba alivyokwea asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba kabisa cha ncha ya karara, akatungika kibuyu. Mzee akauliza, na hamira alitia lini? Nikamjibu hakutia. Tembo halitiwi hamira. Linaanza kuchacha lingali juu mnazini.

Siku ya kuondoka alinipa chupa iliyoviringishwa kwenye sweta. "Hili ni tembo la kwetu," akasema. "Usilinywe sasa. Lisahau."

Kwenye lebo jina ni Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1900 Anderlecht, Brussels, na chini yake neno Gueuze, aina ya bia chachu ya Ubelgiji. Nimefanya kazi ya baa miaka kumi na moja na nilikuwa sijawahi kuishika chupa ya namna hii, wala sijaiona tena tangu siku hiyo. Sikuisahau. Nilisoma kila nilichokipata juu yake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumwona mjomba.

Bia ya kawaida hupikwa, ikapozwa haraka, ikatiwa hamira iliyochaguliwa maabara. Hii haitiwi kitu. Wanachemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, karibu theluthi moja, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zilizowekwa miaka mpaka uchungu wake umepungua ukabaki uwezo wa kuzuia uozo. Kisha maji hayo ya moto hupandishwa darini, yakamwagwa kwenye sinia pana la shaba, yakaachwa yapoe usiku kucha kwa hewa ya nje. Kinachoingia na hewa hiyo, na kinachoishi kwenye mbao za jengo, ndicho kitakachochachua. Asubuhi yanatiwa kwenye mapipa ya mbao, mengi yakiwa ya mwaloni, na hapo ndipo kazi inaposhikwa na muda. Hupikwa tangu mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Aprili tu, maana usiku wa joto huleta bakteria wasiotakiwa. Buibui wa kiwandani hawauawi, kwa sababu hula wadudu wanaozongea mapipa. Hilo la buibui alinisimulia mzee mwenyewe, na nililipenda kuliko yote.

Bia ya pipa moja huitwa lambiki. Chupa niliyopewa mimi ni mchanganyiko wa lambiki za umri wa mwaka mmoja, miwili na mitatu. Ile changa bado ina sukari, nayo ndiyo inayoendelea kuchacha ndani ya chupa na kuleta gesi. Ile kongwe inaleta ladha. Anayechanganya hana kipimo kingine zaidi ya ulimi na kumbukumbu, kwa sababu hakuna mapipa mawili yanayofanana. Pipa tupu huoshwa vizuri, lakini lile lililomo ndani ya mbao halitoki.

Hapo nilisimama nikasoma tena. Mjomba alikuwa na kibuyu kimoja alichokikataza kuguswa na sabuni. Shangazi akitaka kukisugua anang'aka. Kilisuuzwa kwa maji tu, kikatungikwa. Sisi watoto tulidhani ni ukali wake wa kawaida. Kumbe kibuyu kile kilikuwa pipa lake: chachu ya jana ilikuwa imejificha kwenye vinyweleo vyake ikingoja utomvu wa leo. Ndiyo maana tembo lake lilikuwa na ladha ile ile mwaka mzima, na watu walitoka mbali kulifuata.

Tofauti ni muda tu. Tembo la alfajiri ni tamu, la jioni limeshakuwa kali, la kesho kutwa ni siki. Joto letu halimngoji mtu. Kule baridi inavuta kazi hiyo hiyo ya siku mbili ikawa ya miaka mitatu, na vijidudu wanapokezana zamu: kwanza hamira wa kawaida wanakula sukari nyepesi, wanakuja bakteria wa uchachu, na mwisho, polepole, anaingia hamira anayeitwa Brettanomyces. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa Carlsberg, kiwanda cha bia cha Denmark, Niels Hjelte Claussen, mwaka 1904, baada ya kumkuta kwenye bia za Uingereza. Huyu ana subira. Anakula hata sukari ambayo wenzake wameshindwa kuitafuna.

Kwa hiyo joto ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 2009, kwenye kiwanda kingine cha bia hizi, 3 Fonteinen, kifaa cha kurekebisha joto kiliharibika, chumba cha kuhifadhia kikachemka, na chupa elfu nyingi zikapotea, nyingine zikipasuka zenyewe. Mwenyewe, Armand Debelder, nusura afunge biashara. Nikisoma habari hiyo hapa Unguja, mwezi wa Februari, feni ikisukuma hewa ya moto, nilikuwa nikiinuka kwenda kuugusa ukuta wa ghala.

Basi jana. Niliisimamisha chupa tangu mchana ili mashapo yatulie chini. Jioni nikaitia kwenye ndoo ya maji na barafu kwa nusu saa tu, maana ikiwa baridi kupita kiasi harufu inafunga. Nikapanda nayo juu ya paa. Kifuniko cha bati kwanza, halafu kizibuo. Kizibo kilitoka kwa mlio mdogo, kama mtu aliyeshusha pumzi, na nikajua kwamba imesalimika.

Rangi ilikuwa ya asali ya nyuki wadogo, yenye ukungu kidogo. Povu jeupe likapanda, likashuka upesi. Sikunywa. Nilikaa na harufu yake muda mrefu: maganda ya balungi, nyasi kavu, mkeka uliokunjwa mwaka mzima, kisha chini kabisa ngozi na zizi. Mtu akikwambia kinywaji kinanuka zizi utadhani anakitukana. Mimi nakwambia ni harufu ya kitu kilichoishi.

Funda la kwanza lilinikaza taya. Uchachu wa ndimu na embe changa, ukafuata ukakasi mdogo kwenye meno, ule wa mbao, halafu ukavu. Utamu hakuna hata chembe; sukari yote imeliwa. Na hapo nilipodhani limekwisha, likarudi: ukwaju, chumvi kwa mbali, mbao zilizolowa kama za ubavuni mwa jahazi. Nilisubiri kabla ya funda la pili. La pili halikuwa kali tena, mdomo ulishaelewa. Kadiri glasi ilivyopata joto, ndivyo matunda yalivyojitokeza, na mwisho nilikuwa nakunywa kitu laini kabisa ambacho nusu saa nyuma kilinifinya.

Kiswahili chetu kina neno moja, kuchacha, na tunalitupia mambo mawili. Mchuzi uliolala umechacha, mwaga. Tembo limechacha, lete kikombe. Nimewaona wageni wakirudisha bia chachu wakisema imeharibika, na wenzangu wa kaunta wakiomba radhi haraka. Mimi sitaomba radhi tena. Nitawaeleza. Mchuzi umeachwa; hii imelindwa.

Mpishi wetu mkuu, mama wa Wete, alipanda juu kuanua nguo kabla mvua haijarudi. Bado yuko hapa akingoja meli ya Pemba. Nilikuwa nimekaa kona ya mbali makusudi, na nilipomwona nikaifunika glasi kwa kiganja, maana sipendi kumkwaza. Lakini upepo ulikuwa unaelekea kwake. Akasimama, shuka mkononi.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Samahani, mama. Ni bia ya yule mzee."

"Si bia hiyo. Hiyo karafuu." Akavuta pumzi tena. "Baba alikuwa na shamba. Mvua ikituwahi, karafuu hazijakauka, tunazirundika ndani. Zikilala usiku mmoja zinapata moto, zinaanza kuchacha. Ukifungua mlango asubuhi, harufu ndiyo hiyo hiyo." Akakusanya nguo zake akashuka.

Nikainusa upya. Ilikuwepo. Nilikuwa nimeipita mara kumi. Na nililisoma kabisa hilo: Brettanomyces huacha harufu mbili kubwa, moja ya zizi na ngozi, nyingine ya viungo na moshi, inayofanana na karafuu. Nimelijua kwa kusoma miaka mitatu. Yeye, ambaye hajaonja pombe maishani, amelijua kwa pumzi mbili, kwa sababu ya mlango wa ghala la baba yake.

Nilibaki juu mpaka mvua ikarudi. Mashapo ya mwisho niliyanywa pia.

Leo asubuhi nimempigia mama simu Pangani. Mjomba ana miaka sita kaburini na shangazi alishahamia kwa mama na vyombo vyake. Nikauliza kama kile kibuyu kipo. Mama akacheka, akasema kipo, kimetungikwa juu ya jiko, wameweka mbegu za kunde. Kisha nikamsikia akimwambia shangazi pembeni, "Anauliza kibuyu cha marehemu," na shangazi akajibu kwa sauti ili nisikie, "Mwambie hakijawahi kuguswa na sabuni."