Mguu Uleule Mbele

Mvua ilinyesha usiku, wiki ya nne ya mafunzo yetu kwa vitendo, na asubuhi tuliikuta fanya juu yetu ya kwanza, mtaro wa kuzuia mmomonyoko wenye tuta la udongo upande wa juu, imepasuka. Tuta lilikuwa limekatika mwisho wa upande wa kushoto, upana wa hatua mbili, na udongo tuliouchimba kwa siku tatu umetandazwa juu ya miche ya mama mwenye shamba. Kwingineko kote, karibu mita 80 za mtaro, hapakuwa na hata kidimbwi.

Ukavu ule ndio uliomsimamisha msimamizi wetu. Mtaro uliolala sawasawa hushika maji urefu wake wote. Ukiwa mtupu huku na umebomoka kule, maji yametembea, na hayatembei ila yamepata mteremko. Hakutaka majembe. "Leteni kwanza kipimo, wanangu."

Kipimo chetu kilikuwa cha umbo la A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, miguu imeachana mita 2, mti wa kukingama katikati, na timazi ya uzi na jiwe. Kukisawazisha si kazi. Unasimamisha miguu juu ya vigingi viwili, unatia alama uzi unapogusa mti wa kukingama, kisha unageuza kipimo, kila mguu uchukue kigingi cha mwenzake, unatia alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo. Siku ya kwanza alfajiri tulifanya hivyo hivyo, bila kosa. Sasa, tulipopima tena, usawa ulikuwa umehama nusu sentimita. Tulifunga kwa kamba ya katani iliyolowa umande. Jua lilipoikausha ikalegea, mti wa kukingama ukateleza.

Nusu sentimita pale juu, kwa kipimo cha ukubwa ule, huwa zaidi kidogo ya sentimita 1 ardhini kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua 40: karibu nusu mita, kwenye mtaro wenye kina cha sentimita 60.

Hata hivyo kamba peke yake isingetuponza. Kilichotuponza ni namna tulivyotembeza kipimo. Tulikuwa tukikinyanyua chote na kukisogeza, mguu uleule mbele kila mara, kwa hiyo kila hatua iliongeza kosa lake juu ya kosa la hatua iliyopita. Inavyotakiwa, mguu wa mbele haubanduki kwenye kigingi. Ni wa nyuma unaozungushwa kwenda mbele. Hapo miguu hupokezana, kosa likishuka hatua hii hupanda hatua inayofuata, na mstari unabaki kwenye kontua, yaani usawa mmoja wa ardhi, hata kipimo kikiwa na kasoro ndogo. Msimamizi alituzungushia kile kipimo mara sita, polepole, jiwe likitulia kila mara kabla ya kigingi kupigwa, mpaka tukaona.

Tulipima upya mstari wote. Vigingi vya kulia vilishuka, vya kushoto vikapanda, na vichache vilivyoruka pembeni kwa sababu mguu ulikaa juu ya bonge la udongo tulivisogeza kwa macho ili mstari upinde taratibu. Mtaro wa zamani tuliufukia. Mpya ulikuwa wa sentimita 60 kwa 60, udongo wote ukirushwa upande wa juu (jina lenyewe linasema, na vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingine vinaliandika hivyo hivyo), huku tukiacha ukingo wa sentimita 30 kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi shimoni. Safari hii, kila baada ya mita 10 tuliacha kizuizi cha udongo usiochimbwa, kifupi kuliko tuta, ili maji yakielemea upande mmoja yasisafiri mbali.

Tuta tulilijenga kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine. Udongo wa kumwagwa tu huacha mianya, na maji huanza kupenya humo humo.

Majani ya tembo yalipandwa mwisho juu ya tuta: vipande vya vifundo vitatu, viwili ndani ya udongo, kimoja nje. Mvua iliyofuata ilitukuta bado tunapanda. Tulisimama tukitazama maji yakipanda nyuma ya vizuizi, chumba kwa chumba, kina kilekile.